Jupita na Msee Aliyeacha Chuo

Wikendi tulikuwa ushago kwa mazishi, mjomba akaniuliza mbele ya watu wote: "Na ile digrii ilifika wapi?" Nikanyamaza. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, hiyo si siri. Lakini kwa matatu nikirudi Nairobi nikamkumbuka Galileo Galilei.

Huyu msee aliingia Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, kusomea udaktari. 1585 akatoka bila digrii. Akaendelea kujisomea hesabu mpaka akaajiriwa kuzifundisha hapo hapo Pisa, halafu Padua. 1609 akasikia kuna kifaa kimetoka Uholanzi cha kuvuta vitu vya mbali karibu. Akajitengenezea darubini yake, akaiboresha mpaka ikakuza vitu karibu mara 20.

Usiku wa 7 Januari 1610 akaielekeza kwa Jupita, ile sayari ambayo Kiswahili cha zamani kinaiita Mshtarii. Akaona vinyota vitatu kando yake: viwili huku, kimoja kule. Akadhani ni nyota za kawaida tu. Kesho yake vyote vilikuwa upande mmoja. Tarehe 10 akaona viwili pekee. Tarehe 13 vikawa vinne. Kila alichoona alikichora. Mwishowe akakubali alikosea: hiyo ilikuwa miezi inayoizunguka Jupita.

Unauliza, sasa hiyo ni nini? Enzi hizo wasomi wengi waliamini kila kitu angani kinazunguka dunia. Na hapa kuna vitu vinne vinazunguka kwingine kabisa!

Jupita yenyewe si mchezo. Ni haidrojeni na heliamu, hakuna pa kukanyaga. Dunia zaidi ya 1,000 zinatoshea ndani. Siku yake haifiki saa 10, lakini mwaka wake ni karibu miaka 12 yetu.

Msimamo wake ulimgharimu. 1633 kanisa lilimhukumu kwa kutetea kwamba dunia huzunguka jua, akafungiwa nyumbani mpaka akafa 1642.

Sikwambii uache chuo. Kuacha chuo hakukumfanya awe Galileo. Aliendelea kusoma, akaandika alichoona usiku baada ya usiku, hata kilipomwonyesha amekosea. Kwa hivyo swali la mjomba lingefaa kuwa hili: tangu utoke chuo, umejifunza nini?

Na hapo, kusema ukweli, bado ningenyamaza kidogo.