Casablanca: Filamu ya Wakimbizi Iliyochezwa na Wakimbizi

Wengi wetu tumeiona filamu ya Casablanca angalau mara moja, na tukiulizwa inahusu nini hujibu bila kusita: inahusu mapenzi. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu tu. Filamu hii inahusu pia karatasi, yaani nani anayo na nani hana, na sisi tulio ughaibuni habari hiyo hatuhitaji kufafanuliwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Desemba 1941, Mmarekani aitwaye Rick anaendesha kilabu mjini Casablanca. Mkononi mwake zinaangukia hati mbili za kusafiria. Mara anaingia Ilsa, mwanamke waliyependana Paris, ambaye alimwacha kituo cha treni bila maelezo siku Wajerumani walipokaribia kuingia mjini. Safari hii yuko na mumewe, Victor Laszlo, kiongozi wa wapinzani wa Wanazi aliyetoroka kambi ya mateso. Kumbe Ilsa alipokuwa na Rick aliamini mumewe amekwisha kufa, na siku ile ya kuondoka ndipo alipojua kuwa yu hai. Mwishowe Rick, ambaye angeweza kuondoka na mpenzi wake, anampandisha ndegeni pamoja na mumewe, yeye akabaki.

Hebu tuangalie historia iliyo nyuma ya kisa hiki. Ufaransa ilipolemewa Juni 1940, serikali ya Marshal Pétain ilifanya makao yake mjini Vichy na kushirikiana na Ujerumani, na Moroko ikabaki chini yake. Waliowakimbia Wanazi walitafuta njia ya kufika Lisbon, kwa kuwa Ureno haikuwa vitani, na kutoka huko wapate chombo cha kwenda Marekani. Baadhi yao walipitia Marseille, Oran na Casablanca. Kila hatua ilidai karatasi yake: ruhusa ya kutoka, viza ya kupitia, viza ya kuingia. Ukipata moja, nyingine imekwisha muda. Hati za Rick, zisizoweza kuulizwa na mtu yeyote, hazikuwahi kuwako duniani. Zilibuniwa na Murray Burnett na Joan Alison katika tamthilia ambayo filamu ilitokana nayo. Burnett alifika Vienna mwaka 1938, baada ya Ujerumani kuimeza Austria, akajionea jinsi Wayahudi walivyokuwa wakihangaika kutoka.

Filamu ilipigwa Burbank, California, kati ya Mei na Agosti 1942, chini ya Michael Curtiz, mzaliwa wa Hungaria. Sisi wahandisi hupenda kujua vitu vilivyoundwa, na hapa kuna la kufurahisha: ile ndege inayoonekana kwa mbali uwanjani ni umbo lililotengenezwa dogo kuliko ndege halisi. Ili macho yadanganyike, waliwekwa watu wafupi wa kimo kuizunguka, na ukungu wa bandia ukafunika kasoro zilizobaki.

Lakini watu hawakuwa wa bandia. Kati ya waigizaji waliotajwa majina mwanzoni mwa filamu, ni watatu tu waliozaliwa Marekani, akiwemo Humphrey Bogart, aliyekuwa Rick, na Dooley Wilson, aliyekuwa Sam mpiga piano. Madeleine Lebeau, yule binti anayeimba wimbo wa taifa wa Ufaransa huku machozi yakimtoka, alikimbia Ufaransa mwaka 1940 kupitia Lisbon. Conrad Veidt, anayeigiza meja wa Kinazi, alikuwa Mjerumani aliyehama nchi yake mwaka 1933 pamoja na mkewe mwenye asili ya Kiyahudi. Mtu aliyewakimbia Wanazi ndiye aliyevaa sare yao ili dunia iwachukie. Alifariki Aprili 1943, vita havijaisha.

Tukirudi kwenye kujitolea mhanga, tuseme ukweli: mwisho ule haukutokana na moyo wa Rick peke yake. Kanuni za maadili za Hollywood wakati huo zisingeruhusu mke wa mtu amwache mumewe na kwenda zake na mpenzi. Tena Ilsa mwenyewe alimwachia Rick afikiri kwa niaba ya wote, na Rick akaamua, akamjulisha uwanjani dakika za mwisho. Mhanga ni wa watu wawili, lakini sifa imekwenda kwa mmoja. Na Wamoroko, wenye mji wao, wanapita nyuma ya kamera kama mapambo ya ukutani.

Kuna wengine wasioonekana kabisa, nao ni wa kwetu. Septemba 1942, mwezi mmoja tu baada ya upigaji wa filamu kumalizika, askari wa Keya kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland walishushwa Majunga, kisiwani Madagaska, ile Bukini ya wazee wetu. Waliyekwenda kupigana naye ni serikali ile ile ya Vichy ambayo Rick anaishi chini yake filamuni. Walisonga kusini barabara nzima iliyozibwa kwa magogo na mawe, hadi majeshi ya Vichy yaliposalimu amri mwanzoni mwa Novemba. Tarehe 8 Novemba majeshi ya Marekani na Uingereza yakatua Moroko na Aljeria, na tarehe 26 filamu ikaonyeshwa New York kwa mara ya kwanza. Ilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 1944.

Rick alikuwa na hati mbili mkononi na alichagua kubaki. Askari wa Keya alipigana kwa ajili ya uhuru wa Ulaya, akarudi kwenye nchi iliyotawaliwa, ambako nchini Kenya alitakiwa atembee na kipande shingoni. Kwa hiyo, wasomaji wetu, mkiitazama tena filamu hii pamoja na watoto mliowazaa huku ugenini, wasimulieni habari za Rick na Ilsa, kwani ni nzuri. Kisha waonyesheni Majunga kwenye ramani.