Taa Kubwa na Mashamba ya Sagalla: Historia ya Mwanga Dhidi ya Ndovu

Kila msimu mahindi yanapoanza kubeba katika mashamba ya Sagalla, kusini mwa mji wa Voi, swali la zamani hurudi: ndovu wafukuzwe kwa njia gani usiku? Jibu linalokuja upesi siku hizi ni taa kubwa ya kumulika mbali, ambayo fundi yeyote anaweza kuiunda nyumbani kwa betri ya gari, balbu za LED na kioo kilichopinda kwa ndani. Wazo hilo linaeleweka. Aliyelima ekari mbili za mahindi na pojo akazipoteza kwa usiku mmoja ana haki ya kutamani silaha inayofika mbali. Hata hivyo, historia ya nyika hii, tangu reli ilipopita hapa hadi leo, inatufundisha kuwa ukali wa mwanga haujawahi kuwa ndio kinga. Mwanga umefaa pale ulipohama, ulipobadilika, na ulipokuwa na watu macho nyuma yake.

Inafaa kwanza kukumbuka ukubwa wa tatizo. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948 zikiwa hifadhi moja. Kilichobaki ni cha miji, ranchi, mashamba ya mkonge na wakulima wadogo. Sagalla imekaa katikati ya mbuga hizo mbili, na ndovu anayetoka upande mmoja kwenda wa pili hupita mashambani. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu karibu ndovu 15,000 katika nyika nzima ya Tsavo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya ujangili kuwamaliza, walikuwa wamebaki zaidi kidogo ya 5,000. Tofauti hiyo ina uzito katika mjadala wetu, kwa sababu mzee anayesema kwamba zamani moto na debe vilitosha huenda anakumbuka miaka ambayo ndovu wenyewe walikuwa wachache na walimwogopa mwanadamu kwa kuwa alibeba bunduki.

Ushahidi wa zamani ulioandikwa kuhusu mwanga na wanyama wa hapa unatoka kambi za reli. Mwaka 1898, kilomita 50 hivi kaskazini-magharibi mwa Voi, ujenzi wa daraja la mto Tsavo ulitatizwa na simba wawili waliokula watu kuanzia Machi hadi Desemba. John Henry Patterson, mhandisi aliyesimamia kazi hiyo na hatimaye kuwaua simba hao, alidai kwamba walikula watu 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya yao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria watu wapatao 35. Tofauti ya hesabu haibadilishi jambo linalotuhusu hapa. Wafanyakazi walijenga maboma ya miiba na kuwasha mioto usiku kucha, na bado simba waliingia. Kambi zilikuwa zimetawanyika kwa maili kadhaa kandokando ya reli, na Patterson alipokesha akivizia katika kambi moja, simba walishambulia nyingine. Moto haukuhama, na aliyeuwasha alikuwa amelala kando yake. Mnyama mwenye subira alipata usiku mzima wa kuusoma.

Wakulima wa mlimani na bondeni walikuwa na utaratibu tofauti, nao unastahili heshima kuliko unavyopewa. Mlinzi alikaa kwenye dungu, jukwaa la miti lililoinuka juu ya mimea, akiwa na moto chini, kopo au debe la kupiga, na sauti yake mwenyewe. Aliposikia mti ukivunjika aliitikia kwa kelele, na jirani yake akaitikia kutoka dungu la pili. Mwenge uliochukuliwa kutoka motoni ulikimbizwa upande uliotoka sauti. Utaratibu huo ulichosha watu, uliwapeleka watoto shuleni wakiwa na usingizi, na mara nyingine uliua. Lakini ndani yake palikuwa na jambo ambalo taa kubwa hukosa: mwanga ulifuata sikio.

Historia ya taa za vitani inalithibitisha hilo kwa namna ya kushangaza. Taa kubwa za kumulika angani, zile za Vita Vikuu vya Pili, nyingi zilikuwa na kioo cha kipenyo cha sentimita 150 na zilitumia fimbo mbili za kaboni zilizotoa cheche kali kati yake. Modeli ya Kimarekani ilitajwa kuwa na nguvu ya mishumaa milioni 800, na ilihitaji jenereta yake yenyewe na kikosi cha askari wa kuihudumia. Hata hivyo, mwali wake ulikuwa mwembamba mno kuitafuta ndege katika anga lote. Kando yake paliwekwa mabomba makubwa ya kusikilizia, na askari waliovaa vipokea sauti masikioni ndio waliosema mwali uelekezwe wapi. Rada ilipofika ikachukua kazi ya masikio hayo, na ilipoimarika taa zenyewe zikapoteza kazi. Majeshi yenye fedha nyingi kuliko kaunti yoyote yetu yaligundua kwamba mwali mkali usiojua pa kuangalia haulindi kitu.

Tuhesabu sasa taa ya fundi wetu. Balbu ya LED ya wati 100 inapatikana madukani, nayo hutoa mwanga wa kutosha kuangaza uwanja mdogo. Ikiwekwa mbele ya kioo kizuri, mwali wake unaweza kubanwa hadi nyuzi tatu tu, na hapo ndipo hufika mbali. Lakini mwali wa nyuzi tatu ukifika mita 100 umetanuka kwa upana wa mita 5 na kitu, wakati ekari moja ya mraba ina mzingo wa zaidi ya mita 250. Ukiutanua mwali uenee shambani, unapoteza ule ukali ulioutafuta, kwa sababu mwanga uleule umegawanywa katika eneo kubwa zaidi. Kisha kuna betri. Betri ya gari ya saa-ampea 100 haifai kutumiwa chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema, na nusu hiyo huiwasha balbu ya wati 100 kwa saa sita. Usiku wa Voi, karibu na ikweta, ni wa saa kumi na mbili. Ndovu hana haraka. Akijifunza kwamba giza hurudi saa sita za usiku, atakuja saa saba.

Mvumbuzi aliyeelewa jambo hili vizuri kuliko wahandisi wengi alikuwa mvulana wa Kimaasai, Richard Turere, aliyelinda ng'ombe wa familia yake kando ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Amesimulia hadharani hatua zake, ikiwemo katika hotuba yake ya mwaka 2013 kwenye jukwaa la TED. Alianza na moto, akagundua kwamba uliwasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akaweka sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliondoka, siku ya pili wakaona kwamba haisogei. Usiku mmoja alipozunguka na tochi hawakuja, naye akatambua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akiwa na umri wa miaka 11 aliunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, balbu za tochi mbovu na kidude kinachowasha na kuzima indiketa za pikipiki, taa zikawa zinamweka moja baada ya nyingine kana kwamba mtu anazunguka zizi. Taa hizo zimeenea sehemu nyingi za Kenya. Uzito wa ugunduzi wake haumo katika wati. Balbu zake ndogo hazingeweza kumulika hata upande wa pili wa shamba. Alichounda ni dalili ya mtu aliye macho, nayo hutumia umeme kidogo kiasi cha kudumu mpaka asubuhi.

Mtu anaweza kupinga kwamba simba si ndovu, na atakuwa na hoja. Ndovu ni mkubwa, ana kumbukumbu ndefu, na hamwogopi mwanadamu kwa namna ileile. Majaribio ya taa za sola zinazomweka yamefanywa mashambani huko Chobe, Botswana, na matokeo yake yanafaa kusomwa kwa makini: ndovu walielekea zaidi kupita karibu na mashamba yenye taa, lakini hawakuelekea sana kuingia ndani yake. Taa haikuwaweka mbali, ila iliwapa sababu ya kusita mpakani. Hilo ni la thamani kubwa kwa mkulima, mradi asidanganyike kwamba mnyama ameondoka. Wengine husema kwamba mwali mkali ukielekezwa machoni utampofusha ndovu ageuke. Huenda, ila mnyama wa tani tano aliyepofushwa hatua chache kutoka kwa mtu hana uhakika wa kukimbilia upande unaoutaka wewe, na mwali wenyewe unamwonyesha mtu alipo.

Kuna tahadhari nyingine inayohusu majirani wa mbuga hasa. Katika ranchi za Taita mwanga mkali una historia mbaya: wawindaji haramu huwamulika digidigi usiku, wanyama wale wakaduwaa, wakauawa kwa rungu ili kuuza nyama ya porini. Mwali mrefu unaozungukazunguka mpakani mwa Tsavo usiku wa manane humvuta askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, naye ana haki ya kushuku. Taa ndogo zilizofungwa kwenye nguzo za shamba hazimtii mtu katika mashaka hayo.

Ipo njia nyingine ambayo Sagalla imeifahamisha dunia, nayo ni mizinga ya nyuki. Tangu mwaka 2009, mradi unaoongozwa na mtafiti Lucy King wa shirika la Save the Elephants umening'iniza mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba ya vijiji kama Mwakoma. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Utafiti wa miaka tisa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao ua huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia, na wakulima wakapata asali ya kuuza. Kwa nini basi tuzungumzie taa? Kwa sababu utafiti uleule ulionyesha udhaifu wake: ukame wa mwaka 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa asilimia 75, na ilichukua miaka mitatu kurudia hali ya awali. Miaka ya ukame ndiyo ndovu hutoka mbugani kwa njaa na kiu. Nyuki wanapohama, mkulima hubaki na mikono mitupu, na hapo taa ina nafasi ambayo hakuna kingine kinachoijaza kwa bei yake.

Nafasi hiyo haitajazwa na mkulima mmoja mwenye taa kubwa kuliko za wenzake. Ndovu anayefukuzwa shamba moja huingia la jirani, kama simba wa mwaka 1898 walivyohamia kambi isiyokeshewa. Taa ya kumulika mbali inaufanya mchezo huo kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa inamsukuma mnyama kwa aliye dhaifu, mara nyingi mjane au mzee asiyeweza kununua hata betri. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu fidia ya mazao, lakini fidia huja baada ya hasara, na watu wanaoishi Sagalla wanajua muda unaopita katikati. Fedha hizo zingefaa zaidi zikitangulia: vijana katika vyuo vya ufundi vya kaunti wafundishwe kuunda taa ndogo zinazomweka, zifungwe kwenye mstari mmoja unaopita mashamba yote ya kijiji bila kuuliza nani ana uwezo, zihamishwe kila baada ya siku chache ili ndovu wasizizoee, na kila mstari uwe na zamu ya walinzi wawili wenye tochi za kawaida na simu ya kuwaita askari wa mbuga, mmoja akisikiliza na mwingine akimulika.