Mahari, Tabaka na Kicheko: Historia ya Ndoa ya Kigusii kama Usuli wa Riwaya ya Kuchekesha

Riwaya ya kuchekesha kuhusu ndoa ya watu wa matabaka mawili aghalabu huhakikiwa kwa kigezo cha Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813). Makala haya yanadai kuwa kigezo hicho hakitoshi kwa Kisii na Nyamira, kwani huko mali ya ndoa ilifuata mkondo mwingine.

Katika riwaya ya Austen, shamba la Bwana Bennet limefungwa kisheria lirithiwe na mwanamume, yaani Collins. Mabinti hawana mali ya maana ya kwenda nayo kwa waume. Ndiyo sababu mama yao anawinda wakwe wenye mapato, nasi tunamcheka. Darcy, mwenye pauni 10,000 kwa mwaka, anapomwoa Elizabeth, wawili hao hawapotezi ila majivuno.

Ugusii, ng'ombe walitoka kwa mwoaji wakaenda kwa baba wa binti, na mara nyingi ng'ombe hao hao ndio waliomwezesha kaka yake kuoa. Philip Mayer aliueleza utaratibu huo mwaka 1950. Katika miaka ya 1930 na 1940 mahari ilipanda sana. Tabaka likapimwa kwa zizi: akina baba wengi walivutiwa na wachumba wenye mifugo, hata wazee, na vijana maskini wakatoroka na wasichana. Brett Shadle (2006) amezichunguza kesi zilizofuata, ambamo wazee wa mahakama walilazimika kupima uzito wa ng'ombe na wa ridhaa ya msichana.

Hapa ndipo historia inapogusa fani. Baba anayehesabu ng'ombe huweza kusawiriwa kama mlafi wa kuchekwa. Lakini nyuma yake yuko kijana ambaye hataoa iwapo dada yake atatoroka. Furaha ya wapenzi ni hasara ya kaka. Mwandishi akimficha kaka huyo, kicheko huwa chepesi. Akimpa nafasi katika msuko, kicheko hugeuka kuwa hukumu juu ya jamii nzima.

Neno lenyewe pia hupotosha. Katika sheria ya Kiislamu inayofuatwa pwani, mahari ni haki ya bibi harusi. Ugusii ilikuwa mali ya wazazi wake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nani anampenda nani, mhakiki hana budi kuuliza mali inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na nani anabaki mikono mitupu siku ya arusi.