Kufuta, kutengua, kubatilisha, kurejea: maneno ya kurudi katika uamuzi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Familia moja ya hapa Unguja imetuletea suala. Binti yao ameolewa Moshi. Mumewe alimwandikia talaka ya kwanza, na kabla eda haijaisha akamwandikia barua ya pili: "Ile talaka nimeifuta." Wazee wanauliza: ikifutwa, ndiyo kana kwamba haikuwapo? Binti arudi? Na mume amebakiwa na talaka tatu au mbili?

Tumeona tujibu kwa upana, kwa sababu maneno haya yanawatatiza wengi, si katika ndoa tu bali hata katika barua za ofisi na hukumu za mahakama. Kila ukiambiwa kwamba uamuzi fulani umeondolewa, uliza mambo mawili. Nani aliyeuondoa, na anayo mamlaka hayo? Na umeondoka tangu lini: tangu leo, au tangu siku ile uliyotolewa?

Maneno yenyewe

Kusitisha: uamuzi umesimamishwa kwa muda, haujaondoka. Leseni iliyositishwa leo inaweza kuachiwa kesho.

Kufuta: mwenye mamlaka anakiondoa kilichotolewa na ofisi yake, kama leseni, usajili au sheria. Kwa kawaida kinakoma tangu siku hiyo. Aliyefanya biashara mwaka jana kwa leseni iliyofutwa mwaka huu hakufanya biashara bila leseni.

Kutengua: kukifungua kilichofungwa. Wengine husema kutangua. Watoto wetu wa chuoni wanalijua neno hili kwa udhu. Udhu ukitenguka baada ya sala ya adhuhuri, adhuhuri yako ipo palepale. Utatawadha kwa ajili ya alasiri. Ndivyo ilivyo Rais anapotengua uteuzi: kazi aliyoifanya mteuliwa kabla ya siku hiyo haianguki kwa sababu hiyo pekee. Mahakama ya juu nayo hutengua hukumu ya mahakama ya chini, na hapo hukumu ile haitegemewi tena.

Kubatilisha: hili ndilo zito kuliko yote. Ni kusema kwamba jambo halina nguvu tokea mwanzo wake. Sala ikibatilika katika rakaa ya tatu, zile mbili za mwanzo hazisalimiki, unaanza upya. Na mwanamke akifungishwa ndoa ilhali yumo ndani ya eda ya mume mwengine, ndoa hiyo ni batili. Haingoji talaka, wawili hao hutenganishwa.

Kurejesha: kukirudisha kilichoondolewa. Kitu kinarudi, lakini muda uliopita katikati haurudi.

Kurejea: mahakamani ni kuiangalia hukumu upya. Katika ndoa ni mume kumrudisha mkewe ndani ya eda.

Mfano wa Moshi

Kwa kuwa suala limetoka Moshi, na mfano tunauchukua hukohuko. Wakulima wa kahawa wa miteremko ya Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 nafasi yake ikashikwa na chama kikuu cha ushirika kinachojulikana kwa herufi zake, KNCU, chenye makao Moshi mjini. Mwenye kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, alipeleka kahawa yake chama cha msingi, na chama kikuu kikasimamia mauzo.

Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika Tanzania Bara. Vijiji vikapewa kazi za vyama vya msingi, na kahawa ikawekwa chini ya mamlaka ya Serikali. Mwaka 1982 ikatungwa sheria mpya ya ushirika, na mwaka 1984 KNCU ikarudi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri katika mahojiano ya miaka hiyo kwamba kuvunja ushirika, pamoja na kuondoa serikali za mitaa mwaka 1972, ni mambo ambayo asingeyafanya lau angeanza upya.

Sasa tazama. Ushirika ulirejeshwa, uamuzi wa 1976 haukubatilishwa. Kwa hivyo kahawa iliyouzwa mwaka 1979 kwa utaratibu uliokuwapo ilikwishauzwa, wala haikurudi kwa mkulima ili iuzwe tena. Kosa lilikubaliwa na kitu kikarudi, lakini ile miaka minane ilibaki katika hesabu.

Katika sharia

Jambo hili masahaba walilijua. Sayyidna Umar (R.A.) aliletewa mirathi ya mwanamke aliyeacha mume, mama, ndugu wa kwa mama, na ndugu wa baba na mama. Mafungu yakamalizika, na ndugu wa baba na mama wakatoka bure. Baadaye ikaja mirathi kama ile, akawashirikisha katika thuluthi ya ndugu wa kwa mama. Alipokumbushwa hukumu yake ya mwanzo, jawabu lake lilikuwa kwamba ile inabaki kama walivyohukumu wakati ule, na hii ni kama wanavyohukumu sasa. Maulamaa wakaweka kanuni: ijtihadi haivunjwi kwa ijtihadi. Ama hukumu inayopingana na nassi iliyo wazi au ijmai, hiyo huvunjwa.

Jawabu la suala

Talaka ikishathibiti, mume hana mamlaka ya kuifuta, wala ya kuibatilisha. Alichopewa ni kurejea, kama ilivyo katika Surat al-Baqara, aya ya 228 na 229: baada ya talaka ya kwanza au ya pili, ndani ya eda, ikiwa wamekwisha kuingiliana na talaka si ya khului. Eda ikiisha, hakuna kurejea. Inatakiwa nikaha mpya, kwa mahari na ridhaa ya mwanamke. Kwa hali zote mbili talaka ile inahesabika, na mume amebakiwa na mbili.

Je, "nimeifuta" ni kurejea? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kurejea ni kwa tamko, kama vile "nimekurejea", na ni sunna kushuhudisha. "Nimeifuta" si tamko la wazi. Kadhi lazima amuulize mume alikusudia nini, na siku gani. Jambo hili si la kuachwa na shaka. Ikiwa alirejea, binti ni mke wa mtu na hawezi kuolewa na mwengine. Ikiwa hakurejea na eda ikapita, kukaa kwao pamoja ni haramu.

Kwa hivyo tumewaambia wazee wazipeleke barua zote mbili, zikiwa na tarehe zake, kwa kadhi mapema, kabla eda haijaisha. Wajue pia kwamba Bara inatumika Sheria ya Ndoa ya 1971, isiyotumika huku kwetu, na kule shauri hupita baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo hutoa amri ya talaka.

Na mume naye tunamnasihi: ikiwa amemrejea mkewe, aseme "nimekurejea" mbele ya mashahidi wawili.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.