Chama cha makarani kilivyopitwa Kamachumu

Mwaka 2024 ilitimia miaka 100 tangu kuundwa kwa Bahaya Union. Ilianzishwa mjini Bukoba mwaka 1924 na akina Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki, kundi dogo la makarani wasomi waliotaka shule na maendeleo Buhaya, nchi ya Wahaya. Waliandika barua kwa serikali, wakasubiri majibu.

Mwaka 1937 wakulima walipinga sheria za kilimo cha kahawa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na baada ya 1945 mambo hayakurudi yalivyokuwa. Bei ya kahawa ilipanda, na mkulima mwenye fedha mfukoni hakuona sababu ya kusemewa na karani.

Hapo ndipo anapoingia Ali Migeyo, mfanyabiashara wa Kamachumu, katika wilaya ya Muleba ya leo. G. R. Mutahaba alichapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1969, na ukikisoma utaona kwamba kitovu cha siasa kilikuwa kimeanza kupanda kutoka mjini kwenda vilimani.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa migomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilitoa amri za kupambana na fukusi, mdudu anayeshambulia migomba, na wakaguzi wakaingia vibanjani kuhakikisha zinafuatwa. Huenda bwana shamba alikuwa na hoja ya kitaalamu, lakini alikanyaga pabaya. Kwa Mhaya, kibanja ni ndizi za chakula, ndizi za rubisi (pombe ya ndizi), kahawa iliyo kivulini mwake na makaburi ya wazee. Mgeni haingii humo na kuanza kuamuru! Migeyo, akiwa mtu wa Tanganyika African Association, chama kilichozaa TANU, aliwakusanya watu Kamachumu. Serikali ikajibu kwa mabomu ya machozi, kisha naye akafungwa.

TANU ilipozaliwa Julai 1954, ilikuta Kamachumu imeshapashwa moto. Upande wa kahawa, wakulima nao walikuwa na chama chao cha ushirika, BCU, kilichoundwa mwaka 1950. Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, vikarejeshwa miaka ya 1980, na leo tunayo KCU, mrithi wa BCU.

Hata hivyo, bado wapo wakulima wanaouza kahawa ikiwa mtini, kwa bei ya kutupa, katika biashara ya butura. Urithi wa Kiiza na Migeyo haukustahili hayo. Halmashauri ya Muleba ianze na jambo dogo: jina la Migeyo lifundishwe katika shule za Kamachumu, pamoja na sababu iliyomfikisha gerezani.