Mbwa Aliyefia Njiani Kutoka Bagamoyo

Juma lililopita jirani yangu alinijia na swali. Binti yake anayeishi Ulaya anarudi nyumbani moja kwa moja, na anataka kuja na mbwa wake, jibwa la kilo 80. Jirani akasema, "Mzee, wewe ni mtu wa historia. Umepata kusikia jambo kama hili?" Nikamjibu kwamba nimelisikia, tena lilitokea hapahapa pwani kwetu.

Mwaka 1874 Henry Morton Stanley alitoka Uingereza kuja Unguja, akikusudia kuvuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi. Walioungana naye kutoka huko ni vijana watatu wa Kiingereza: Frank Pocock, ndugu yake Edward, na Frederick Barker. Waliletwa pia mbwa watano: Castor, Captain, Nero, Bull na Jack. Castor na Captain walikuwa mastifu, mbwa wa kale wa Kiingereza wa kulinda majumba, wenye vichwa vikubwa, pua fupi na vifua vipana. Mastifu mmoja huweza kumzidi mtu mzima kwa uzito.

Bahari haikuwadhuru. Tarehe 17 Novemba msafara wa watu 356 ukaondoka Bagamoyo kwenda bara. Jua la pwani yetu mwezi wa Novemba sina haja ya kuwaeleza. Mwendo wa saa mbili tu kutoka Bagamoyo, Castor akafa kwa joto. Stanley aliandika kwamba Captain naye alielekea kumfuata, na wale watatu waliosalia walikuwa wamelala chini wakihema.

Si kwamba Stanley hakuwapenda mbwa wake, aliwasifu sana. Lakini mapenzi hayapunguzi joto. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje. Mwenye pua fupi huvuta hewa kwa shida, na mwili mkubwa hukawia kupoa. Bull, aliyekuwa na umbo dogo kuliko mastifu, alivumilia hadi mwaka 1876, akawa wa mwisho kufa.

Na si mbwa tu. Edward Pocock alikufa Januari 1875, Barker miezi michache baadaye, na Frank akazama katika mto Kongo Juni 1877. Wapagazi wengi nao walipotea njiani. Agosti 1877 Stanley akafika Boma, karibu na bahari ya magharibi. Katika Wazungu wanne, aliyefika ni yule aliyeiamua safari.

Hata hivyo, wale vijana waliomba kazi wenyewe. Mpagazi alipatana ujira, na alipochoka aliweza kutoroka. Wengi walitoroka kweli. Castor hakupatana na mtu, wala hakujua njia ya kurudi kwao. Alimfuata bwana wake kwa sababu mbwa ndivyo alivyo.

Nikamwambia jirani kwamba leo mambo ni mepesi kidogo. Kuna ndege, chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha daktari wa mifugo na kibali cha kuingiza mnyama. Kuna tundu ambalo mbwa aweza kusimama na kugeuka ndani yake. Lakini mashirika mengi ya ndege hukataa mbwa wa pua fupi, hasa wakati wa joto, na sababu yao ni ileile iliyomwua Castor. Tena safari haiishii uwanja wa ndege. Baada ya hapo kuna Januari, na Februari, na umeme unaokatika mchana feni ikiwa ndiyo tegemeo.

Jirani akasema, "Binti hatakubali kumwacha. Anamwita mwanangu." Nikamjibu kwamba mzazi, kabla ya kumsafirisha mwanawe, huuliza kwanza kama mtoto ataimudu safari.

Jana nimepata habari. Binti atampeleka mbwa kwa daktari kwanza. Akiruhusiwa, watakuja Julai, wakati wa baridi, kwa ndege ya usiku. Akikataliwa, atabaki huko kwa rafiki anayemzoea. Nimefurahi, maana safari hii kuna mtu aliyeuliza kwa niaba ya mbwa.

Kwa leo ni hayo. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.