Orodha ya Miswada ya Mrima

Tanga na Pangani ziko katika Mrima, pwani iliyokuwa na waandishi wake kabla ya kuja kwa Wajerumani. Masheikh na walimu wa vyuo waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: tenzi, dua, tiba, falaki, barua na mambo ya mirathi. Maandishi hayo yalinakiliwa kwa mkono, yakawekwa sandukuni na kurithiwa na watoto. Mengi yaliishia kwa mchwa na unyevu.

Kazi kubwa ya kuyaorodhesha ilifanywa na J. W. T. Allen, Mwingereza aliyeishi Afrika Mashariki miaka mingi. Baba yake, mmisionari Roland Allen, alijifunza Kiswahili uzeeni na kuzitafsiri tenzi za Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtunzi wa pwani ya Tanga. Mwaka 1945 Allen mtoto alichapisha mwongozo wa kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Katika miaka ya 1960 alikusanya miswada ya pwani na kurekodi sauti kwenye kanda, na makusanyo hayo yakawekwa katika maktaba ya chuo kikuu, Dar es Salaam. Orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970.

Kuorodhesha mswada si kama kuorodhesha kitabu cha dukani. Mara nyingi hauna ukurasa wa jina, kwa hiyo kinachoutambulisha ni ubeti wa kwanza. Mtunzi hujitaja, akipenda, katika beti za mwisho. Chini yake huenda pakawa na jina la mnakili na tarehe ya Hijria. Utenzi mmoja waweza kuwa na nakala kadhaa zinazotofautiana kwa idadi ya beti, na mwenye kuorodhesha ni lazima aamue kama ni kazi moja au mbili. Herufi zenyewe ni mtihani, kwani kwa kawaida alama moja husimama kwa e na i, nyingine kwa o na u.

Gumu zaidi ni jina la mtu. Kanuni za Ulaya hutanguliza jina la ukoo, ilhali mtu wa Mrima hujulikana kwa jina lake, la babake na la babu. Mtunzi yuleyule aweza kuwekwa chini ya Hemedi, Abdallah au Buhriy, na msomaji asiyejua njia zote tatu ataondoka akidhani hakuna kitu. Kasoro hiyo si ndogo: mtunzi huyo ndiye aliyeandika Utenzi wa Vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, habari za vita vya 1888 na 1889 zilizotungwa na mtu wa pwani ileile iliyopigwa mizinga.

Hata mahali pa kuiweka miswada ni tatizo. Mpango wa desimali wa Dewey, unaotumiwa na maktaba nyingi za umma, huiweka fasihi yote ya Kiswahili katika 896.392, na Uislamu katika 297. Utenzi wa kidini una haki ya kukaa kote kuwili. Tatizo la mpango wa kigeni usiotoshea vitabu vya kwao lilimkabili pia Park Bong-seok wa Korea, ambaye mwaka 1947 alichapisha mpango wa desimali uliotengenezwa kwa ajili ya vitabu vya nchi yake. Miswada ya Kiswahili haikupata mpango wa namna hiyo. Imebaki na orodha za makusanyo, moja moja. Ya Ernst Dammann, ya miswada iliyoko Ujerumani, ilitoka mwaka 1993. Baadaye Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa alishiriki kuorodhesha ile iliyoko Chuo Kikuu cha London.